Usimfiche mtoto kwa sababu ya alama

Jumapili hii nataka kukusimulia kisa cha shali moja.

Ilikuwa mwezi wa Februari, yapata saa saba mchana, na jua lile la kabla ya mvua za kupanda mahindi lilikuwa likiwaka kwelikweli. Nilikuwa nimepanda matatu mjini Kitale nikielekea mtaa wa Matisi kumjulia hali dada yangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye sikuwa nimemwona tangu ajifungue. Kumbe naye alikuwa ndani ya gari lilo hilo, kiti cha nyuma karibu na dirisha, kampakata mwanawe wa wiki kumi na moja. Mtoto alikuwa amefunikwa gubigubi kwa shali nzito ya sufu, kuanzia utosini hadi miguuni. Madirisha yote yalikuwa wazi na bado abiria walikuwa wakijipepea kwa magazeti.

"Mwanangu, mtoto atakosa pumzi," alisema mama mmoja mzee aliyeketi kando yake, na kwa wema wake akaushika upindo wa shali akaufunua.

Gari zima lilinyamaza. Kisha zikaanza kelele. "Woi! Mtoto ameungua!" "Nani alimmwagia chai?" Kijana mmoja wa kiti cha mbele aligeuka, akatazama, akageuka tena upesi kana kwamba ameona jambo lisilofaa kutazamwa.

Nilichungulia. Kwenye kope ya juu ya jicho la kushoto la mtoto palikuwa na kivimbe chekundu kama tunda damu lililoiva, karibu ukubwa wa sarafu ya shilingi tano. Kilikuwa kimeilemea kope hata jicho likawa nusu limefumbwa.

Dada hakumjibu mtu. Alimfunika mtoto tena, akaomba kushuka kabla ya kituo chake, nami nikashuka naye.

"Sasa umejionea mwenyewe," aliniambia tukitembea. "Ndiyo maana sitoki. Soko siendi, kanisa siendi, hata kliniki ya wiki sita na ile ya wiki kumi nimeziruka. Niende watu waseme nini? Leo nilitoka kwa sababu nilielekezwa kwa mtu wa dawa, na hata huyo sikumpata."

Amenipa ruhusa nikusimulie haya, mradi nisitaje jina lake wala la mtoto. Nimeandika kwa kuwa sidhani yu peke yake. Katika mitaa yetu, kutoka Matisi na Tuwan hadi Bungoma mjini, huenda leo pana mama mwingine aliyejifungia ndani kwa sababu ya alama kama ile. Huyo ndiye ninayezungumza naye hasa. Wengine mtusikilize pia, kwa kuwa ninyi ndio wale abiria.

MANENO YA WATU

Mtoto huyu alizaliwa safi, bila doa. Wiki ya pili mama yake akaona kijidoa chekundu kilichofifia juu ya jicho, kama mahali palipoumwa na mbu. Wiki ya nne kikaanza kuinuka. Akampeleka kwenye zahanati moja, nami sitaitaja. Aliyempokea alimtupia mtoto jicho mara moja tu, akasema, "Itaisha yenyewe, mama. Rudi nyumbani." Tafadhali likumbuke neno hilo, msomaji, maana tutalirudia.

Nyumbani nako maneno hayakukosekana. Kukhu, yaani nyanya ya mtoto, alitaka kujua mkaza mwanawe alitamani nini alipokuwa na mimba akakikosa, kisha akajikuna usoni. Shangazi ya mume alisema katika ukoo wao hakuna mtu mwenye alama kama ile, na kila aliyesikia alielewa swali lililofichwa ndani ya kauli hiyo. Jirani mmoja alinong'ona kuwa ni kijicho. Mwingine alijitolea kuja na uzi wa kukifunga kivimbe kwenye shina ili kikauke, na wa tatu akapendekeza wembe.

Mume wake, ambaye ni fundi wa pikipiki, hakusema lolote. Na kimya cha mume, mpenzi msomaji, nacho ni maneno.

Je, wewe ungekuwa mahali pa mama huyu ungefanyaje? Dada yangu alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Alinunua shali.

ALAMA HII NI NINI?

Madaktari huiita hemanjioma ya watoto wachanga. Wazungu, kwa kuwa ni nyekundu na ina uso wenye vinundu vidogo, wameifananisha na tunda la stroberi, na jina hilo ndilo lililoenea. Si kidonda, si jipu, si moto wala si kansa. Haiambukizi. Ni chembe zile zinazojenga mishipa midogo ya damu ambazo zimeongezeka kupita kiasi mahali pamoja, zikafanya fundo la mishipa lililojaa damu. Ndiyo sababu huwa nyekundu, na ndiyo sababu mtoto anapolia huzidi kuiva.

Makadirio yanayotumiwa na madaktari ni kuwa watoto wanne au watano kati ya kila 100 huipata. Huwapata zaidi watoto wa kike, pacha, na wale waliozaliwa kabla ya miezi kutimia au wakiwa na uzito mdogo sana. Huonekana zaidi kwa watoto wa Kizungu, lakini wetu nao huipata, na hapa pana jambo la kuangalia. Juu ya ngozi nyeusi, wekundu ule huenda ukaonekana kama zambarau au hudhurungi iliyokolea. Tena ziko ambazo zimejificha chini ya ngozi. Hizo huonekana kama uvimbe laini wenye rangi ya samawati kwa mbali, au usio na rangi yoyote, na mzazi akadhani ni mtoto aliyejigonga.

Sasa hebu nimjibu kukhu kwa heshima. Tamaa ya mimba haitii alama. Kujikuna hakutii alama. Matunda aliyokula mama, ugomvi alioupata, picha aliyoiona, vyote hivyo havihusiki. Wala alama hii si ushahidi wa mtoto ni wa nani, kwa sababu mara nyingi sana huja bila kuwahi kuonekana kwa baba, kwa mama, wala kwa babu wa upande wowote. Shangazi anayehesabu sura za ukoo anapoteza muda wake na kuvunja nyumba ya watu.

KALENDA YAKE

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba alama hii ina kalenda. Mzazi akiifahamu kalenda hiyo, nusu ya hofu humtoka, na nusu iliyobaki humsaidia kuharakisha panapostahili.

Mtoto anapozaliwa, kwa kawaida huwa hakuna kitu, au pana doa lililofifia tu. Katika wiki chache za kwanza ndipo huanza kuonekana. Kisha huja wakati wa kukua, na kukua kwenyewe ni kwa kasi, hasa kati ya wiki ya tano na ya nane. Kufikia miezi mitatu, alama nyingi huwa zimeshafika karibu asilimia 80 ya ukubwa wake, na kufikia miezi mitano zilizo nyingi zimekoma kukua. Zile za chini ya ngozi huenda zikaendelea kwa muda zaidi.

Baada ya hapo hutulia. Yapata mwaka mmoja, huanza kurudi nyuma. Wekundu hufifia na kuwa kijivujivu kuanzia katikati, uvimbe hulainika na kunywea. Mtoto anapofika miaka minne, nyingi huwa zimekwisha kupungua kwa kadiri kubwa, na nyingine huendelea kufifia polepole hata miaka ya shule ya msingi. Baadhi huacha ngozi iliyolegea kidogo, mishipa myembamba mekundu au rangi tofauti. Nyingine haziachi kitu.

Kwa hiyo yule wa zahanati hakusema uongo. Alama nyingi za namna hii huisha zenyewe. Lakini ukweli wa watoto wengi si ukweli wa kila mtoto, na kwa mtoto wa dada yangu neno lile lilikuwa nusu ya jibu tu. Nusu ya pili ilipaswa kuwa, "Imekaa wapi?"

Ebu sasa itazame kalenda hiyo ukiwa na kijitabu cha kliniki mkononi. Hapa Kenya mtoto hupata chanjo anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya sita iko katikati kabisa ya zile siku ambazo alama hukua kwa kasi zaidi. Yaani tarehe ile ile mama anayoiogopa kwa sababu ya macho ya watu ndiyo tarehe ambayo mhudumu wa afya angefaa sana kuiona alama hiyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Dada yangu aliporuka kliniki mbili, mtoto alikosa chanjo, na pia alikosa wiki tano ambazo jicho lake lilizihitaji.

SI KILA ALAMA NI HII

Usije ukamaliza kusoma makala haya ukadhani kila doa ni hemanjioma. Watoto wetu wengi wa Kiafrika huzaliwa na mabaka ya rangi ya samawati au kijivu mgongoni karibu na matako. Hayo si damu iliyovilia na si dalili kuwa mtoto alipigwa. Hayana madhara na mengi hufifia katika miaka ya mwanzo.

Kuna pia baka jekundu lililo bapa, rangi ya divai, ambalo mtoto huzaliwa nalo na haliinuki wala haliishi. Hukua pamoja naye. Wazee kati yetu wanamkumbuka Mikhail Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Muungano wa Kisovieti, aliyefariki mwaka wa 2022. Lile baka lililokuwa kwenye upara wake lilikuwa la namna hiyo, naye aliingia nalo kila mkutano bila kofia. Baka la namna hiyo likiwa usoni, hasa kwenye paji na kope, daktari anapaswa kuliona kwa sababu huenda likahusiana na macho au ubongo.

Tofauti kubwa ni hii: baka la divai lipo tangu siku ya kuzaliwa na ni bapa. Hemanjioma huja baadaye na kuinuka. Mweleze daktari ulianza kuiona lini. Ikiwa una simu, mpige mtoto picha kila wiki mahali hapo hapo, mwanga ule ule. Picha nne za namna hiyo zitamwambia daktari mengi.

USINGOJE

Hemanjioma ndogo iliyo mkononi, tumboni au mgongoni juu mara nyingi haihitaji kitu zaidi ya kutazamwa. Ziko hata hivyo zile ambazo mzazi hafai kungoja hata wiki mbili.

Kwanza, iliyo karibu na jicho. Mtoto hazaliwi akijua kuona, hujifunza. Ubongo wake hufundishwa na picha zinazoingia kwa macho yote mawili. Kope ikililemea jicho moja, au uvimbe ukiligandamiza na kulipinda umbo, ubongo huanza kulipuuza jicho hilo na kulitegemea lile jingine. Jicho lenyewe huenda likawa zima kabisa, lakini likabaki nyuma. Wataalamu huliita jicho vivu. Alama itanywea mtoto akiwa na miaka minne, na jicho litakuwa limekwisha kupoteza miaka minne ya masomo.

Pili, iliyo kwenye pua, mdomo au sikio, kwa sababu huenda ikaharibu umbo la kiungo au kumzuia mtoto kunyonya.

Tatu, iliyotapakaa kidevuni, kwenye taya na shingoni, mahali ambapo ndevu huota. Hiyo huenda ina mwenzake ndani ya koo. Mtoto akikoroma anapovuta pumzi, sauti ya kilio ikiwa ya kukwaruza, au akihema kwa shida, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nne, iliyochubuka ikawa kidonda. Hili ndilo tatizo linalotokea mara nyingi zaidi, hasa mahali pa nepi, midomoni na kwenye mikunjo ya shingo. Huuma sana, huacha kovu, na huweza kupata maambukizi.

Tano, iliyo kubwa, hasa inayofunika sehemu pana ya uso, kwa sababu nyakati nyingine huambatana na kasoro za mishipa ya ubongo, moyo au macho. Sita, iliyo chini kabisa ya mgongo, katikati, kwa sababu huenda uti wa mgongo nao una kasoro. Na saba, mtoto mwenye alama tano au zaidi mwilini. Huyo hupimwa ini kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kuona kama zipo nyingine ndani.

Kwa walio Matisi na mitaa ya jirani, mahali pa kuanzia ni kliniki ya watoto au hospitali ya serikali iliyo karibu. Waombe wakuandikie barua ya rufaa. Eldoret, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Kitale, ina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na tangu 2015 pana jengo zima la hospitali ya watoto pale. Ikiwa tatizo ni jicho, walio upande wa Bungoma wanaijua hospitali ya macho ya Sabatia katika Kaunti ya Vihiga. Kabla ya safari, hakikisha mtoto ameandikishwa katika SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, usije ukarudishwa mlangoni kwa sababu ya karatasi.

KUTOKA MIALE HADI DAWA YA MOYO

Huenda ukauliza, je, tiba ipo? Ipo, na hadithi yake inastahili kusimuliwa, kwa sababu inatufundisha kwamba hata wenye elimu waliwahi kuikimbilia alama hii kwa pupa.

Huko Uswidi, kati ya miaka ya 1920 na 1950 hivi, maelfu ya watoto wachanga walipigwa miale ya madini ya radiamu ili alama zao ziondoke. Ziliondoka, kama ambavyo nyingi zingeondoka zenyewe. Lakini watafiti waliowafuatilia watoto hao hadi utu uzima waligundua kuwa kansa za tezi ya shingo na za matiti zilikuwa zimewapata kupita ilivyotarajiwa. Mwaka wa 2004 ulichapishwa utafiti kuhusu wanaume zaidi ya 3,000 waliotibiwa hivyo wakiwa wachanga. Wale ambao ubongo wao ulipata miale mingi zaidi walikuwa wachache kufika shule ya sekondari. Hayo ndiyo malipo ya kuona aibu kwa jambo ambalo lingengoja.

Huko Uingereza nako, daktari aitwaye Lister alikuwa amechukua njia nyingine. Aliwafuatilia watoto bila kuwatibu, na mwaka wa 1938 akaeleza katika jarida la Lancet jinsi alama zilivyokua, zikasimama, zikafifia. Tangu hapo neno "itaisha yenyewe" likawa ndilo agizo la madaktari. Kwa wale wachache waliokuwa hatarini, dawa kuu ikawa ya jamii ya steroidi, ambayo ina madhara mengi.

Kisha ikatokea bahati. Daktari Christine Léauté-Labrèze wa Bordeaux, Ufaransa, alikuwa akimtibu mtoto mwenye hemanjioma puani. Dawa za steroidi zilimletea mtoto tatizo la moyo, ndipo akapewa propranololi, dawa ya zamani ya moyo na shinikizo la damu iliyobuniwa na Mskoti James Black katika miaka ya 1960. Siku iliyofuata alama ilikuwa imebadilika rangi na kulainika. Daktari na wenzake wakaijaribu kwa wengine, na mwaka wa 2008 wakachapisha habari za watoto 11. Leo hiyo ndiyo dawa inayotangulizwa duniani kwa alama zilizo mahali pa hatari. Kwa zile ndogo na za juujuu, madaktari hutumia pia matone ya timololi, ambayo kwa kawaida ni ya macho, yakapakwa juu ya ngozi.

Sasa nisikilize kwa makini. Propranololi ipo katika maduka mengi ya dawa, lakini usithubutu kwenda kuinunua ukampa mtoto. Dawa hii hupunguza mapigo ya moyo na huweza kuishusha sukari mwilini hadi mtoto akazirai. Daktari humpima moyo na kupima uzito kwanza. Mtoto hupewa dawa akiwa amenyonya au amekula, na akitapika au akikataa kunyonya, dozi husimamishwa na daktari akaulizwa. Mtoto mwenye pumu huenda asiifae kabisa. Na ikianza, kwa kawaida huendelea kwa miezi sita au zaidi.

NYUMBANI UFANYE NINI

Mwogeshe mtoto kama kawaida. Alama haitapasuka kwa maji. Mkate kucha ziwe fupi. Ikiwa ngozi imekauka, mpake mafuta ya kawaida ya kujipaka yasiyo na manukato.

Ikianza kutoka damu, usitishike kwa wingi wake. Chukua kitambaa safi, ugandamize bila kuchungulia kwa dakika kumi. Damu isipokoma, nenda hospitali huku ukiendelea kugandamiza.

Uzi, wembe, majivu, masizi, betri, dawa ya meno, vyote hivyo viweke mbali. Fundo la mishipa likikatwa kwa wembe litamwaga damu ambayo mtoto mchanga hana ya kupoteza. Na aliyepakwa dawa asiyoijua mtu, ngozi ikachubuka, ndiye atakayebaki na kovu mahali ambapo pengine pasingebaki kitu.

JIBU LA NDANI YA GARI

Tumezungumza kuhusu mtoto. Tumzungumzie mama.

Mama mwenye mtoto wa alama hukutana na swali moja mara ishirini kwa siku. Akijieleza kwa kirefu atachoka. Akikasirika ataitwa mkali. Akijificha, mtoto ndiye anayeumia. Nilimshauri dada yangu atafute jibu moja fupi na alizoee kama anavyozoea jina lake. Tulilijaribu jikoni kwake, mimi nikiwa abiria mdaku, hata tukacheka. Jibu lenyewe ni hili: "Ni alama ya kuzaliwa, haimuumi, na daktari anaijua." Basi. Baada ya hapo aulize habari ya bei ya unga.

Wewe baba nawe, kimya chako kina uzito. Mume wa dada yangu aliponiuliza kando kama ni kweli alama haitoki kwa mama, nilimweleza niliyokueleza wewe. Kesho yake hakufungua kibanda chake cha ufundi. Alimbeba mtoto mwenyewe, bila shali, akatembea naye hadi kituo cha gari. Mkewe aliniambia siku hiyo ilimponya kuliko maneno yangu yote.

Kama mtoto ana kaka na dada wakubwa, waambie jina la alama na uwafundishe jibu lile lile. Na ikiwa alama itabaki hadi miaka mitatu au minne, mtoto mwenyewe ataanza kuuliza mbele ya kioo. Asikute wakubwa wanabadilisha mazungumzo. Atajifunza kuona haya kutokana na uso wako kabla hajajifunza kutokana na midomo ya wenzake.

Ninyi abiria wenzangu, mkimwona mtoto mwenye alama, msipige kelele. Msifunue shali ya mtu. Mwambieni mama mtoto wake ni mzuri, kwa kuwa ndivyo alivyo, kisha mkiwa na la maana mwambieni kuhusu kliniki.

Basi yule mtoto yukoje? Siku ile aliyobebwa na baba yake alipata chanjo zake zilizochelewa, na mhudumu wa kliniki akaandika barua ya rufaa papo hapo. Walifika Eldoret wiki iliyofuata, na dawa ikaanza akiwa katika mwezi wa nne. Sasa ana mwaka mmoja na nusu, anakimbia uani Matisi akiwafukuza kuku. Kivimbe kimenywea, limebaki baka lililopauka ambalo usipoambiwa hutaliona. Kope imeinuka.

Lakini jicho lilikuwa limeshaanza kubaki nyuma. Kwa hiyo kila jioni mama yake hulifunika lile jicho zuri kwa muda alioagizwa, ili lile la kushoto lilazimike kufanya kazi. Mtoto hulia, hujaribu kukibandua kibandiko, na mama humshika mikono akimwimbia. Madaktari wanasema linaendelea vyema. Dada yangu anajua, nami najua, kuwa kazi hiyo ya kila jioni ingekuwa ndogo zaidi kama ingeanza wiki ya sita.

Shali ile bado anayo. Nilipowatembelea mara ya mwisho ilikuwa imekunjwa, imewekwa chini ya mtungi jikoni.

Ikiwa nawe unayo shali kama hiyo, mpenzi msomaji, na chini yake pana mtoto, mfunue. Kesho ni Jumatatu na kliniki zimefunguliwa.